Farasi wa Kinyumenyume

Mzee Khoat aliugeukia ukuta katika msimu wa joto, na mpaka mashamba ya mpunga yanaanza kupiga manjano alikuwa bado hajaupa mgongo. Kiharusi kilimkuta uani akichonga mianzi. Kilimnyang'anya mkono wa kulia na maneno yake yote isipokuwa mawili, "hapana" na "basi", na hayo mawili aliyatumia ipasavyo. Uji: hapana. Dawa: basi. Daktari alikuja, akamgonga magoti, akamkanyagisha sakafu, akasema miguu haina neno, mzee anaweza kutembea leo hii akitaka. Shida ilikuwa hapo penye kutaka.

Aliyemlisha na kumwosha ni binti yake, Luyen. Kila asubuhi Luyen alimfungulia dirisha ili apate upepo, na kila akishatoka alilisikia likifungwa tena. Ni aibu iliyomlaza mzee. Kijiji kizima kilimjua kwa mkono wake, maana hakuna mwingine kando ya mto ule aliyejua kutengeneza taa ya msafara, ile taa ya karatasi ambayo vivuli vya watu na wanyama huzunguka ndani yake, na sasa mkono wenyewe umelala ubavuni kama mzigo wa mtu aliyepita akausahau. Luyen alimwelewa, na kumwelewa kulimtia uchungu. Lakini alijua pia kwamba mtu mwenye miguu mizima akilala mpaka baridi ikaingia, miguu nayo huisahau kazi yake. Sikukuu ya mwezi mpevu wa vuli ilikuwa inakaribia. Baba yake asipotoka siku hiyo, hatatoka tena.

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo," alisema shangazi Nhai, dada wa mzee Khoat, akimenya balungi pale mezani. "Kaka yangu amekufa moyo. Mimi nimeshamwimbia, nimeshamtukana. Jana nimemwambia, wewe Khoat, nitakuburuta kwa masikio kama ulivyoniburuta mimi tulipokuwa watoto."

"Akasemaje?" aliuliza Hiep, mume wa Luyen.

"Alisema basi."

Hiep alicheka. Alikuwa mtu wa mizaha, na ilibidi awe hivyo, kwa sababu alihamia ukweni badala ya kumchukua mke kwao, na wanaume wa kijijini walimwita mbwa wa chini ya kabati. Yeye aliwajibu kwamba chini ya kabati ndiko mifupa inakoangukia.

"Mwaka huu nitaitengeneza taa mimi," Luyen alisema.

Kisu cha shangazi kilisimama katikati ya balungi.

"Wewe?" shangazi aliuliza. "Nani alikufundisha?"

Hakufundishwa na mtu. Tangu angali mtoto, kila vuli Luyen alikaa jamvini mbele ya baba yake, uso kwa uso, na kibakuli cha gundi ya unga wa mchele mapajani. Kazi yake ilikuwa kushika gundi na kunyamaza. Mzee hakumweleza neno, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza, lakini macho hayana pazia. Luyen alikuwa ameishika kazi ile kwa macho, kila mkato, kila mkunjo, kiasi kwamba mingine aliiota.

"Akiiona inazunguka atatoka," alisema. "Baba yangu hawezi kukaa chumbani na taa ya msafara inazunguka sebuleni. Namjua."

"Na isipozunguka, mama Mien?" Hiep alimuuliza, safari hii bila kucheka.

Luyen alilijua jibu. Isipozunguka, mzee atajua kwamba kazi yake imekufa pamoja na mkono wake, na hapo hata uji hataupokea.

Basi akaanza. Hewa ilikuwa imekwisha kuwa kavu na nyepesi, mbingu imekwenda juu sana, na kila alipotoka uani kupasua mianzi Luyen alijikuta amesimama tu, kisu mkononi, anatazama. Majani ya mpunga yalipiga mawimbi mpaka kwenye tuta la mto. Harufu ya pepeta, mchele mchanga uliokaangwa na kutwangwa, ilitoka kila jiko. Alikuwa ameiona vuli miaka yote ya maisha yake na bado ilimnyamazisha, kama vile kila mwaka mtu anaiumba upya na kusahau kumwonya.

Mien, binti yake wa darasa la tatu, alimfuata kila hatua na maswali yake.

"Mama, hiki ni nini?"

"Mhimili. Husimama katikati, ncha yake inakaa juu ya kipande cha kigae ili isisuguane na kitu."

"Na hii?"

"Hilo ni gurudumu. Linakaa juu. Linakatwa mapanga kama ya feni, halafu kila panga linabonyezwa upande mmoja. Mshumaa unawaka chini, joto linapanda, linayasukuma mapanga, gurudumu linazunguka na watu wote wanazunguka nalo."

"Bila betri?"

"Bila betri."

Mien alimtazama mama yake kwa huruma, kama mtoto anayeona mkubwa anadanganywa dukani.

Vikaragosi Luyen alivikata kwa kufuatisha vielelezo vya zamani vya mzee: askari wenye mikuki, tembo, mkulima na nyati wake, na mwisho mwanachuoni aliyefaulu mtihani, anarudi kwao kwa fahari juu ya farasi. Farasi alimpa jasho. Miguu yake ilikuwa myembamba kama vijiti vya kiberiti, na mara mbili ilimkatikia. Alipofika kwenye gurudumu alifumba macho kwanza, akamrudisha baba yake mbele yake kama alivyokuwa, akaona kidole gumba kikibonyeza ukingo wa panga, upande wa kushoto, halafu panga linalofuata, upande wa kushoto. Akafungua macho, akabonyeza vivyo hivyo. Kisha akavibandika vikaragosi vyote kwenye kitanzi cha mwanzi, imara, visitikisike.

Mchana wa sikukuu yenyewe, wakati shangazi anapanga vipande vya balungi kwenye sinia mpaka vikawa mbwa mweupe mwenye manyoya na macho ya mbegu, Hiep alitundika mikeka madirishani. Sebule ikawa giza. Chumba cha mzee kilikuwa papo hapo, na katikati hapakuwa na mlango, ila pazia tu. Luyen aliliangalia pazia lile, akapiga moyo konde, akawasha mshumaa.

Kwanza hapakutokea kitu. Pande sita za karatasi ziliwaka rangi ya asali, na vivuli vikasimama juu yake, kimya.

"Haizunguki," alinong'ona Mien.

"Nyamaza, mwanangu."

Mkuki mmoja ukatetemeka. Halafu tembo akasogea, kidogo, kama anayepima ardhi. Halafu wote wakaondoka. Hakuna aliyewagusa, hakuna uzi uliovutwa. Mshumaa mmoja wa dukani, wa bei ya kawaida, ulikuwa unasukuma jeshi zima kwa pumzi yake. Vivuli vilipita upande mmoja vikaingia wa pili, vikapita kwenye kuta za sebule, usoni mwa Hiep, kwenye nywele nyeupe za shangazi. Mwili wa Luyen ulisisimka kuanzia utosini. Aliogopa kupumua asije akauzima mshumaa. Hivi ndivyo baba yake alivyokuwa akijisikia kila mwaka, na hakuwahi kumwambia mtu?

Ndipo Mien akasema, "Mama, mbona farasi anatanguliza mkia?"

Wote waliangalia. Farasi alipita, mkia mbele, kichwa nyuma. Askari walipita wakirudi kinyumenyume na mikuki yao imenyooka. Nyati alirudi nyuma na kumburuta mkulima maskini. Mwanachuoni, mwenye kofia yake ya fahari, alikuwa anakipa kijiji chake uso huku akizidi kwenda mbali nacho.

"Amesahau kalamu kwenye mtihani," alisema Hiep, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Mien naye akaangua, akaanza kutembea kinyumenyume kuizunguka taa, akijigonga kwenye viti.

Shangazi Nhai hakucheka. "Zimeni! Zimeni haraka! Mgonjwa yumo ndani, nyinyi mnawasha watu wanaorudi nyuma, siku ya sikukuu? Mnamwitia nini?"

Luyen aliinama kulichungulia gurudumu. Alihisi aibu ikimpanda shingoni, aibu ileile iliyomlaza baba yake, sasa imemjia na yeye. Alikata kama mzee alivyokata. Alibonyeza kama mzee alivyobonyeza. Hakuelewa ilikuwaje.

"Si neno," Hiep alisema kwa upole, akimwona. "Tuwabandue tuwageuze. Anza na farasi. Nipe hapa nimng'oe."

Akanyoosha mkono kumshika farasi.

"Basi!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, na ilikuwa kali. Pazia likasukumwa. Mzee Khoat alikuwa amesimama hapo na nguo zake za kulalia, nywele zimesimama upande mmoja, mkono wa kulia unaning'inia. Hakuna aliyethubutu kumkimbilia. Vivuli vya askari vilimpitia kifuani, mgongo mbele, mmoja baada ya mwingine, na yeye aliwatazama kama mwalimu anayesoma mtihani mbovu kupita yote aliyowahi kusahihisha.

Alikuja mwenyewe. Hatua zake zilikokota, aliegemea kiti, akaegemea meza, akafika. Alimtazama farasi kwa karibu, akaangalia miguu yake myembamba, na kitu fulani kikalegea usoni pake. Kisha akanyanyua macho kwenye gurudumu, akakaza uso tena. Aliupuliza mshumaa, akakaa jamvini mahali pake pa siku zote, akagonga sakafu kwa mkono wa kushoto.

Luyen alielewa. Alichukua karatasi mpya, akakata gurudumu jingine, akakaa mahali pake pa siku zote, mbele ya baba yake, uso kwa uso. Mien alipewa kibakuli cha gundi. Hiep alishusha mkeka mmoja, mwanga wa jioni ukaingia.

Mzee alichukua kipande cha karatasi kwa mkono wa kushoto, akakishindilia gotini, akaonyesha: panga, ukingo, bonyeza. Luyen akafuata. Panga, ukingo, bonyeza.

"Hapana."

Akaonyesha tena, polepole zaidi. Luyen akakaza macho, akafuata tena, vilevile kabisa.

"Hapana!"

"Baba, si ndivyo ulivyofanya? Angalia, upande huu!"

"Hapana!" Mzee alipiga jamvi kwa kiganja. Mdomo wake ulihangaika, maneno yakagoma, machozi ya hasira yakamjaa. Shangazi akafumba macho. Luyen aliona wanapotea, aliona ukuta ule ukimsubiri baba yake.

Mzee akatulia. Alimtazama binti yake alipokaa, akautazama mkono wake wa kushoto, akautazama wa Luyen. Akayatazama mapanga mawili, lake na lile la Luyen, moja limeinamia huku, jingine limeinamia kule, kama mtu na kioo chake. Halafu akagonga jamvi, taratibu, si mbele yake bali pembeni, upande wake wa kulia.

Luyen alisita. Upande ule hakuwahi kuukaa. Hakuna aliyewahi kuukaa. Alinyanyuka, akalizunguka jamvi, akakaa bega kwa bega na baba yake, mahali penye mkono uliokufa.

Mzee aliliinua gurudumu kwa mkono wa kushoto, akalishikilia hewani katikati yao. Akamngoja. Luyen aliusogeza mkono wake wa kulia. Kutoka hapo kila kitu kilikuwa kimegeuka. Ukingo ambao miaka yote ulikuwa wa kushoto ulikuwa wa kulia; ulikuwa wa kulia siku zote. Alikuwa ameijifunza kazi ya baba yake kwa usahihi wote, kutoka upande usio wake.

Akabonyeza ukingo wa kulia. Mzee hakusema hapana. Akalisogeza gurudumu panga moja, Luyen akabonyeza, akalisogeza, akabonyeza, mkono wa kushoto wa mmoja na wa kulia wa mwingine, mpaka haikujulikana tena ni nani anayefanya kazi.

"Gundi," alisema Luyen, na akainua macho.

Mien alikuwa amekaa mbele yao, mahali alipotoka mama yake, kibakuli mapajani. Mwanga wa mwisho ulimwangukia usoni. Mdomo uko wazi, macho makubwa, hakupepesa, ameisahau gundi na kila kitu kingine duniani ila ile mikono miwili. Luyen alimtazama. Kumbe hiki ndicho baba yake alichokuwa akikiona. Kila vuli, mtu yule asiyesema neno, akiinua macho kwenye kazi yake, alikuwa anaona hiki. Luyen alijidhania mshika gundi tu. Aligeuka kumtazama mzee, akakuta mzee anamtazama yeye.

Walipoiwasha tena, farasi alitanguliza kichwa. Mwanachuoni alirudi nyumbani. Mzee Khoat alilia waziwazi, na hakuna aliyejifanya hakumwona.

"Haya, tutalia mpaka mwezi utuache?" alisema Hiep, huku naye akijifuta pua kwa mkono wa shati. "Baba, tuta linatusubiri. Viatu ni hivi hapa. Au unataka mbwa wa chini ya kabati akubebe?"

"Hapana," alisema mzee, akanyoosha mguu apewe kiatu.

Walikwenda taratibu, Hiep mbele na taa juu ya mwanzi mrefu, shangazi na sinia lake la mbwa wa balungi, mzee katikati ya binti na mjukuu. Njia ilijaa watoto wenye taa za nyota na vinyago vya karatasi, ngoma ikilia huko mbele. Familia nzima nzima zilikuwa zinapanda tuta na mikeka yao, mikate ya mwezi na pepeta iliyofungwa kwa majani ya yungiyungi. Watu walimwona mzee, wakageuka kumtazama. Alisita mara moja pale chini ya tuta, macho yale yote yakimwangukia mkononi, na Luyen alihisi mwili wake ukitaka kugeuka. Hakumvuta. Alimsubiri tu. Mzee akapanda.

Ndipo mwezi ulipotoka. Ulichomoza ng'ambo ya mto, mkubwa kuliko nyumba yoyote, mwekundu kwanza, halafu wa dhahabu, na maji yote yakawaka kutoka ukingo hadi ukingo. Ngoma ilinyamaza yenyewe. Vizazi vyote vya kijiji kile vilikuwa vimeuona ukitoka pale, na bado wote waliokuwapo, wazee na watoto, walisimama vinywa wazi kama ndio kwanza wamezaliwa. Luyen alihisi ni mdogo sana, na udogo ule ulimpa raha.

Hiep aliusimika mwanzi ardhini. Watoto wakaizingira taa, na Mien, ambaye sasa alikuwa mwenye mali, akakimbia kuizunguka.

"Huku wanakwenda mbele!" alipiga kelele. "Na huku pia! Njooni huku muone, huku pia!"

Mzee Ruc, jirani aliyecheza naye bao la Kichina tangu ujana na kumwibia kete tangu wakati huohuo, alijipenyeza katikati ya watoto. Aliitazama taa kwa muda mrefu, akawafuata askari kwa macho, akainamia miguu ya farasi.

"Khoat, mzee mwongo wewe!" alisema kwa sauti ya kusikika tuta zima. "Wametuambia mkono wako umekufa, mimi nikakununulia na ndizi za pole. Kumbe uko mzima! Kazi hii naijua hata gizani. Hii ni ya mkono wako, kataa!"

Watu walingoja. Mzee Khoat alimtazama rafiki yake, akayatazama yale macho yote, na safari hii hakuinamisha kichwa.

"Hapana," alisema.

Akamgeukia Luyen. Aliuchukua mkono wake wa kulia, uliokaukiwa na gundi vidoleni, akauinua juu mpaka kila mtu akauona. Kisha akaushusha taratibu, akauweka begani pake, upande wa kulia, hapo mkono wake mwenyewe unapoanzia, akaushikilia hapo.